Mgeni aliyekimbia moto asiouona

Maneno ya katekista mmoja wa Kibati, yaliyosemwa mbele ya wakristu na wageni katika sikukuu ya yubile ya parokia



Wale waliotayarisha sikukuu hii walitupa sisi wakatekista kazi ya kusema juu ya mlima wetu na moto wake, kwani, walisema, hakuna anayeweza kuandika habari za Kibati akauacha Nyiragongo nje. Ni kweli. Lakini tulipokaa kutafuta maneno, tuliona kwamba ninyi wa hapa mnaujua moto ule kuliko sisi tunavyoweza kuueleza; wengine kati yenu wanaubeba katika ngozi ya mwili. Kuwaeleza ninyi moto ni kama kumweleza mvuvi maji. Basi tukakata shauri kuwaletea habari nyingine, ya mama mmoja mgeni aliyelala kwetu usiku mmoja tu, akatueleza ginsi alivyohama mji wa Goma kwa ajili ya moto ambao haukutokea. Tulianza kumsikiliza kwa kicheko, tukamaliza kwa aibu.

Kwa ajili ya wageni wetu, inafaa kwanza kukumbusha mambo machache, nasi hatutakawia. Mlima huu mnaouona, mvua ikikubali, una urefu wa metre 3,470, na njia ya wale wanaoupanda inaanza hapa hapa Kibati. Kwa miaka mingi kinywani mwake mlikuwa na ziwa la moto. Tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 1977, siku ya kwanza ya juma, mbavu za mlima zilipasuka, na ziwa lile lote likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Lava ya Nyiragongo, yaani uji wa mawe ya moto, ni nyepesi kuliko ile ya milima mingi ya namna hii duniani. Kwenye mteremko hukimbia kama maji ya mvua, na mtu mwenye miguu mizuri hawezi kushindana nayo. Wazee wetu hupenda kueleza habari ya tembo: kundi lao lilikutwa na moto ule, na mawe yalipopoa yalibaki matundu yenye umbo la miili yao. Sisi tunaosema hapa hatukuwa tumezaliwa bado. Tulilishwa habari hiyo pamoja na viazi.

Kisha siku ya ine, tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, mlima ulipasuka tena. Nyufa zilishuka mpaka Munigi, moto ukaingia mjini, ukapita katikati ya maduka, ukalila kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na sehemu ya uwanja wa ndege, ukaishia katika ziwa Kivu. Watu karibu 400,000 walihama, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Wakati ule tulikuwa vijana tuliotoka seminari ndogo miaka michache nyuma, na Kilatini tulichojifunza huko hakikutusaidia kitu siku ile.

Mara ya tatu mnaijua. Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, ilikuwa mkesha wa Pentekoste. Tulikuwa tumemaliza kutandika altare kitambaa chekundu. Karibu saa moja ya jioni mbingu ikawa nyekundu kuliko kitambaa kile. Redio haikuwa imesema neno, wala hakuna aliyekuja kutuambia tukimbie; macho yetu ndiyo yaliyotupa amri, na miguu ikatii. Moto ulikata barabara ya Rutshuru, ukateketeza vijiji vilivyo chini ya mlima, ukasimama kule Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa: wengine kwa moto, wengine kwa ajali za gari katika kukimbia, wengine kwa hewa mbaya walipojaribu kuvuka mawe ambayo hayajapoa. Nyumba zilizoteketea ni maelfu. Hayo yanatosha, majina ya walio wetu yamesomwa leo asubuhi kwenye Misa.

Sasa tuje kwa mgeni wetu.

Ilikuwa mwezi wa kenda wa mwaka ule ule. Barabara ilikuwa imefunguliwa tena juu ya mawe meusi, lakini ilikuwa barabara kwa jina tu. Kamyo moja iliyobeba viazi kutoka Kibumba ilivunjika hapo jioni, na wasafiri wake wakabaki njiani na mvua inakuja. Tuliwagawa katika nyumba zile zilizokuwa zingali na mabati. Kwetu alikuja mama mmoja mwenye miaka kama 40, mchuuzi wa viazi, mkaaji wa Mabanga mjini Goma. Jina lake hatulisemi, kwani hatukumwomba ruhusa, nasi hatukujua siku ile kwamba maneno yake yatafika mbele ya Mapadiri.

Baada ya bugali na sombe, majirani wakaja kuwaona wageni, kama ilivyo desturi. Kati yao alikuwa mzee mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya mawe, naye alikuwa akilala chini ya shitingi pamoja na wajukuu. Mzee huyo ana ulimi mwepesi. Alipojua kwamba mama ametoka Goma, akamwuliza: “Ninyi watu wa mjini mlikimbia nini? Moto ulitula sisi siku ya posho. Ulipokwisha kupoa, siku ya tano yake, ndipo mkafunga mizigo mkakimbia!” Watu wakacheka. Nasi tulicheka, tunakiri. Hapa kwetu wakati ule ilikuwa mchezo kuwasema watu wa mji kwamba walikimbia harufu ya moshi wetu.

Mama hakukasirika. Akasema: “Baba, unasema vizuri. Nami nimejiuliza neno hilo hilo tangu mwezi wa sita.” Kisha akaeleza.

Tangu siku ya Pentekoste, alisema, ardhi ya Goma ilikuwa haipumziki. Ilitetemeka mchana, ilitetemeka usiku, sahani zikilia kabatini kama meno ya mtu mwenye homa. Ukuta wa nyumba yake ulipata ufa ambao mkono wa mtoto uliweza kuingia, na mjini barabara zilipasuka. Yeye na watoto wake wane walikuwa wakilala nje, wakiogopa dari. Mume wake alikuwa safarini, mbali. Katika nyumba alibaki kulala mtu mmoja tu, mama yake mzazi, bibi wa miaka zaidi ya 70, aliyesema kwamba baridi ya nje itamwua kabla ya ukuta.

Siku ya ine, tarehe 27 mwezi wa tano, kabla ya kupambazuka, telefoni za majirani zikaanza kulia moja baada ya nyingine, na redio zikafunguliwa. Ilikuwa sauti ya gavana, jenerali Constant Ndima, kwani jimbo lilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu mwanzo wa mwezi ule. Alisema kwamba wachunguzi wameona alama za moto chini ya mji, na kwamba moto huo umefika mpaka chini ya ziwa. Kwamba unaweza kutoka juu ya inchi kavu au ndani ya maji, pengine bila kuonyesha dalili yoyote mbele. Kartiye kumi kati ya 18 za mji zilipewa amri ya kuhama: Majengo, Mabanga zote mbili, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe, na ile inayoitwa Volcan, ambayo kwa jina lake ingeweza kujitangulia kuhama zamani. Watu waelekee Sake. Wachukue vitu vichache. Wasirudi mpaka waambiwe.

Mama huyo akaingia ndani kumwamsha mama yake. Bibi alikuwa macho, amesikia yote. Akasema maneno ambayo mgeni wetu alitukariria mara mbili, nasi tuliyaandika usiku ule ule: “Mwaka 1977 niliona moto, nikakimbia. Mwaka 2002 niliona moto, nikakimbia na godoro kichwani mpaka Gisenyi. Siku ya posho nimeuona, nimekimbia, na magoti yangali yanalia. Leo nionyesheni moto, nami nitakimbia.”

Binti akatoka nje, akatazama upande wa mlima. Kulikuwa giza. Hakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Ndugu zangu, tufikiri kidogo juu ya saa ile. Sisi tulipokimbia, hakuna aliyebishana na mwenzake. Mume hakumwuliza mke kama ni lazima. Moto wenyewe ulikuwa umekata maneno. Lakini mama huyu alisimama uani kwake, nyuma yake nyumba nzima, mbele yake njia ya Sake, na kati ya hivyo viwili neno tu, neno la mtu asiyemjua, lililopita katika redio. Watoto wanamtazama yeye. Akasema kwamba uzito wa saa ile hajaupata tena, hata siku alipozaa mapacha.

Mwishoni alichagua watoto. Alimwachia mama yake maharagi, makala, na bidoni mbili za maji, akamwomba kijana wa jirani, naye aliyekataa kuhama, amchungulie asubuhi na jioni. Akachukua biki, akaandika juu ya mkono wa kila mtoto jina lake na namba ya telefoni. Kazi hiyo ilimfanya alie, alisema, kwa kuwa ilimwonyesha waziwazi kile alichokuwa akiogopa. Na hofu yake haikuwa ya bure: katika kukimbia kwa siku zile watoto wengi walipotezana na wazazi wao, na wengine walitafutwa kwa siku nyingi.

Kutoka Goma mpaka Sake ni kilometre karibu 25. Siku ya kawaida pikipiki inazimaliza upesi. Siku ile walianza na mapambazuko, wakafika usiku umeingia. Njia ilikuwa mto wa watu: magari, kamyo, pikipiki, mbuzi, magodoro, wagonjwa wakibebwa mgongoni. Bei ya usafiri ilipanda kila kilometre. Alipata chukudu moja (tunaeleza kwa wageni: ni ile baiskeli ya mbao isiyo na mnyororo, inayobeba viazi na makala katika inchi yetu), akalipa ili mapacha wapandishwe juu yake, na bibi mmoja asiyemjua akapandishwa pamoja nao. “Nilimlipia bibi wa watu,” alisema, “nimemwacha wangu.”

Baada ya Mugunga aliona neno ambalo sisi wa mlimani hatukuwa tumelifikiri. Upande wa kushoto, ziwa. Mbele, tena ziwa. Waliambiwa kukimbia moto unaoweza kutoka chini ya maji, na njia ya kukimbilia inafuata maji yale yale. Lakini njia nyingine ilikuwa ipi? Mashariki ni mpaka wa Rwanda, na wengi walivuka huko. Kaskazini ni njia hii yetu, nayo ilikuwa imezibwa na mawe yaliyotuteketeza sisi. Kwa hiyo alitembea kando ya ziwa, akiwakataza watoto kushuka penye mabonde na mashimo, kwa ajili ya mazuku, ile hewa isiyo na rangi inayokaa chini na kuua mbuzi na watu kimya kimya. Mtoto mmoja alimwuliza: “Mama, tunakimbia nini?” Akamwambia anyamaze na atembee.

Sake iliwapokea kama ilivyoweza, na haikuweza sana. Watu walilala katika masomo, katika makanisa, chini ya varanda, na wengine katika magari yao. Darasani alimolala yeye walikuwa wengi hata mtu hakupata pahali pa kunyosha mguu. Maji safi yalikuwa machache, watu wakachota ziwani, na hofu ya kolera ikaanza kuzunguka kabla ya kolera yenyewe. Alikuwa amebeba franga za biashara yake, faida na mtaji pamoja. Siku ya sita alianza kula mtaji.

Kila jioni watu walitoka nje kutazama upande wa Goma kama mbingu itageuka nyekundu. Hapo sauti ya mgeni wetu ikashuka, hata ikabidi tusogee. “Siku ya kenda,” alisema, “nilijikuta nautamani moto. Mama yangu yuko kule, mtu aliyenizaa, nami natazama mbingu nikisema moyoni: utoke basi, utoke, nisiwe nimekimbia bure. Mwalimu, niliungama dhambi hiyo, lakini ingali inanisumbua.”

Hakuna aliyecheka tena. Mzee wetu alikuwa anachezea kofia yake.

Tarehe 7 mwezi wa sita waziri mkuu, Sama Lukonde, alitangaza kwamba watu wanaweza kuanza kurudi polepole. Mama huyo alirudi siku iliyofuata, baada ya kulala Sake siku 12. Alimkuta mama yake ameketi mlangoni anapepeta maharagi. Katika avenyu yao nyumba kadhaa zilikuwa zimevunjwa na wezi. Kwake, kwa kuwa bibi alikuwemo, hakikupotea hata kijiko. Bibi akainua macho, akauliza: “Moto uko wapi?” Majirani wakacheka, watoto wakacheka, na tangu siku ile bibi ndiye mwenye akili katika avenyu nzima. “Sasa,” alisema mgeni wetu, “ardhi ikitetemeka kidogo, watoto wangu hawanitazami mimi. Wanamtazama koko. Na koko haondoki.”

Kisha akatuuliza, akimtazama zaidi yule mzee: “Ninyi mliouona moto kwa macho, niambieni. Nilikimbia bure?”

Mzee akakaa kimya kwa muda mrefu, jambo ambalo wanaomjua watalishangaa. Mwishoni akasema: “Mama, sisi hatukupewa hata dakika kumi. Kama mtu angekuja kutudanganya saa mbili mbele, tungemshukuru mpaka leo.” Tulidhani jibu limepatikana. Lakini kijana mmoja, mjukuu wake, akamwuliza: “Na redio ikisema sasa hivi, koko?” Mzee akatazama mlango. Akasema: “Ningetoka kwanza nje, nitazame mlima.”

Hilo ndilo neno lililotufanya tuwaletee habari hii. Mtu aliyepoteza nyumba, mbuzi na shamba kwa sababu hakuna aliyemwonya, hata yeye, akionywa, atataka kwanza kuona. Nasi tulipojiuliza katika nyumba ile, mmoja mmoja, tuliona kwamba wengi wetu tungefanya vivyo hivyo.

Sasa, je, alikimbia bure? Baada ya siku zile tulitafuta kujua, tukasikiliza redio na kuwauliza wenye elimu. Wachunguzi wanakubaliana juu ya jambo hili: moto uliotoka siku ya posho ulikuwa sehemu tu. Sehemu nyingine haikutoka. Ilisafiri chini ya ardhi kama kisu kinavyopita katika mkate, kutoka mlimani kuelekea kusini, ikapita chini ya mji wa Goma na kufika mpaka chini ya ziwa. Matetemeko yale na nyufa zile zilikuwa hatua zake. Kisha ikasimama, karibu sana na uso wa inchi, ikapoa huko huko. Maana yake ni kwamba bibi aliyesema “nionyesheni moto” alikuwa ameketi juu yake. Ulikuwa chini ya kiti chake, chini ya maharagi yake. Hakuna jicho ambalo lingeuona.

Na ziwa? Maji ya chini ya ziwa Kivu yamebeba hewa nyingi iliyoyeyuka ndani yake, pamoja na ile ile inayofanya mazuku. Mapadiri waliosoma mbali watakumbuka habari ya ziwa Nyos kule Kameruni: usiku wa tarehe 21 mwezi wa nane mwaka 1986 ziwa hilo, ambalo ni dogo sana mbele ya Kivu, lilitapika hewa yake, nayo ikashuka mabondeni ikaua watu zaidi ya 1,700 katika usingizi, pamoja na ng’ombe wao. Hawakuona moto. Hatusemi kwamba ingekuwa hivyo kwetu. Tunasema kwamba wale waliotoa amri ya tarehe 27 walikuwa na jambo la kweli la kuogopa.

Watu wanaokaa kando ya bahari wana bahati moja ambayo sisi hatuna. Kimbunga huzaliwa baharini, kikatembea siku nyingi, na vyombo vilivyo juu angani hukitazama kikija, hata watu huambiwa kitafika lini na upande gani. Hata hivyo Idai, kilichopiga Beira kule Msumbiji mwezi wa tatu mwaka 2019, kiliua mamia ya watu. Kama ni vigumu kwa kitu kinachoonekana toka juu, ni vigumu namna gani kwa moto unaotembea chini ya nyumba na kuweza kubadili shauri lake?

Sisi hatumlaumu bibi yule. Macho yake yalimwokoa mara tatu; kwa nini angeyaacha mara ya nne? Tena tuseme wazi, kwa heshima ya wote: anayewatuma watu waende pahali pasipo na maji wala pa kulala, anawafundisha kutokutii mara nyingine. Mama wa viazi alitii, akala mtaji wake darasani Sake. Aliyekataa alilala kitandani pake na kulinda mali. Watoto wameliona hilo, na watoto hujifunza upesi.

Asubuhi yake kamyo ilitengenezwa karibu saa tatu. Mama akatuachia ndoo ya viazi, tukakataa, akaiacha. Yule mzee alikuja kumsindikiza mpaka barabarani, akamwambia: “Umsalimie mama yako. Mwambie mtu wa Kibati anasema moto ulikuwa chini ya kiti.” Hapo tulikuwa bado hatujajua maneno ya wachunguzi, mzee alisema tu kwa kubahatisha. Baadaye tulipoyajua, alijisifu kwa majuma mengi.

Katika wiki zilizofuata mashirika yetu yaliketi, yakatengeneza karatasi moja. Haina elimu kubwa. Ina majina ya wazee na wagonjwa wa kila shirika, wale ambao hawawezi kutembea na wale ambao, tuseme kwa adabu, hawapendi kutembea. Na mbele ya kila jina, majina ya vijana wawili watakaombeba, pamoja na nyumba ya ndugu au rafiki mbali na mlima ambako atapokewa na kupewa maji. Tuliandika pia kwamba mtu akirudi na moto haukutokea, asichekwe. Kipengele hicho kilibishaniwa sana, kwa kuwa wengine walisema huwezi kuandika sheria juu ya kicheko. Kikabaki.

Karatasi ile ya kwanza ilipotea. Tangu mwaka ule tumekimbia tena, zaidi ya mara moja, kwa sababu nyingine ambazo si kazi ya leo kuzieleza. Wengine waliokuwa wameandikwa hawapo tena, na wengine wa kuwabeba wameenda mbali. Basi kwa yubile hii tumeiandika upya, nayo imebandikwa nyuma ya kanisa, karibu na mlango wa sakristia. Tunawaomba wakuu wa mashirika waisome kabla ya kurudi nyumbani, na kusahihisha penye makosa.

Mzee wetu naye yumo. Yuko pale nyuma anatusikiliza, amevaa kofia ile ile. Tulipomwuliza kama anakubali kuandikwa, alisema kwamba atatoka kwanza kutazama mlima, kama alivyosema zamani, na kwamba hao vijana wawili wakitaka kumwondoa kabla ya hapo watalazimika kumbeba kwa nguvu. Tuliwaandika hao wawili, wajukuu wake mwenyewe, na mmoja wao ni mpagazi wa viazi. Mzee alimtazama kijana mabegani, akasema atamkuta mzito.